Daraja la Mto Mara

Mto Mara huanzia katika milima ya Mau, Kenya, ukapita Hifadhi ya Serengeti, kisha ukazitenga wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kufika Ziwa Victoria. Mama yangu aliolewa Tarime akitoka ng'ambo, upande wa Mugumu.

Mwishoni mwa 1997, wakati wa mvua za El Niño, tuliletewa habari kuwa bibi amefariki. Tulipofika ukingoni, maji ya rangi ya udongo yalikuwa yakibeba miti mizima. Mwenye mtumbwi alikataa fedha zetu, wala sikumlaumu; mto ule una mamba. Mama akaketi majanini, akalia akitazama ng'ambo. Bibi akazikwa bila sisi.

Mwaka 2002 mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi kule Nyamongo, si mbali na mto. Daraja la zege, lenye urefu wa mita 94, lilizinduliwa mwaka 2018. Mama alikuwa amekwisha kufa.

Nilipolivuka mara ya kwanza, nilimwomba kijana wa bodaboda asimame katikati.

"Mzee, umeangusha kitu?" akauliza.