Sahani, Bakuli na Sinia: Historia Iliyofukiwa Ardhini

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Natumaini kila mmoja amekwisha pata mahali pa kukaa, na kijitabu kimefunguliwa ukurasa huu. Msomaji akikuta neno asilolijua asione haya. Atie alama ya penseli, kisha amwulize mwalimu baada ya somo.

Leo tutazungumza juu ya vyombo vya kulia chakula. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sahani na bakuli zina historia gani? Historia si habari za wafalme na vita?" Hilo ni swali zuri, na somo letu lote la leo ni jibu lake.

VYOMBO NA KAZI ZAKE

Fikirini mkahawa wowote wa mjini. Supu huletwa katika bakuli, kwa kuwa bakuli lina kina na mchuzi haumwagiki. Wali huletwa katika sahani, kwa kuwa sahani ni pana, na mboga hupata nafasi yake kando. Chai hunywewa katika kikombe chenye mkono, tena kikombe huwekwa juu ya kisahani. Maji hunywewa katika bilauri. Kahawa chungu hunywewa katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Na katika karamu ya arusi huko pwani, pilau hupakuliwa katika sinia, na watu hunawa mikono wakalizunguka.

Basi umbo la chombo hutuambia mambo mawili. Kwanza, hutuambia ni chakula gani kilicholiwa. Pili, hutuambia watu walikula vipi: kila mtu peke yake, au wengi pamoja. Likumbukeni jambo hili, maana tutalihitaji.

Hata majina ya vyombo yana habari. Neno "sinia" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni "kitu cha Uchina". Neno "meza" tumelipata kwa Wareno, ambao walifika pwani yetu mwaka 1498. Lakini "kisu", "mwiko" na "chungu" ni maneno yetu ya Kibantu tangu zamani sana. Kwa hiyo mtu anayeandaa chakula hutaja historia bila kujua.

VIGAE VYA MIJI YA KALE

Sasa twende pwani, kwenye miji iliyohamwa: Gedi karibu na Malindi, Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, na mingine mingi. Ukitembea huko utaona vigae vya vyombo ardhini. Vilivyo vingi kuliko vyote ni vya vyungu na mabakuli yaliyofinyangwa papa hapa kwa udongo wetu, kazi ambayo katika sehemu nyingi za pwani imekuwa ya wanawake. Vingine vina rangi ya kijani au ya buluu na vinang'aa. Hivyo vililetwa na majahazi kutoka Uajemi, Uarabuni, Bara Hindi na Uchina.

Vyombo vya Uchina ni vya kaure, yaani udongo mweupe uliochomwa kwa moto mkali sana mpaka ukawa mgumu, usiopenyeza maji. Kwa muda mrefu Wachina peke yao ndio waliojua siri ya kazi hiyo. Kaure ilisafiri kwa pepo za msimu, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wengi kabla ya kufika Kilwa au Mombasa. Huku kwetu watu walitoa pembe za ndovu, dhahabu iliyotoka Sofala, na bidhaa nyingine.

Msafiri Ibn Battuta alifika pwani hii mwaka 1331. Alipokuwa Mogadishu alikaribishwa chakula, naye akaeleza jinsi kilivyoandaliwa. Wali uliopikwa kwa samli uliwekwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa ziliwekwa katika bakuli lake. Maziwa ya mgando yaliwekwa katika bakuli jingine, pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Tazameni: chano kimoja kwa wali wa wote, na mabakuli kwa vitu vyenye majimaji. Tangu siku ile imepita karibu miaka 700, lakini mwenyeji wa Lamu au Unguja angekitambua chakula kile mara moja.

JINSI YA KUSOMA KIGAE

Mwaka 1955 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Uingereza, Mortimer Wheeler, alitembea pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Alistaajabu kwa wingi wa vigae. Akasema kwamba, tangu karne ya 10, historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kaure ya Kichina. Alikuwa na maana gani? Je, kigae kinaweza kusomwa kama barua?

Kinaweza. Chukueni mfano. Sahani nyeupe zenye maua ya buluu zilianza kutengenezwa kwa wingi huko Uchina katika karne ya 14. Tuseme mchimbaji anaifukua sakafu ya nyumba ambayo haijapata kuvunjwa, na chini yake anaona kigae cha sahani ya namna hiyo. Mara moja anajua kwamba sakafu ile haikujengwa kabla ya karne ya 14. Haiwezekani sakafu iwe na umri kuliko kigae kilichokuwa chini yake tangu ilipotengenezwa.

Lakini msomaji mwema hasomi kwa haraka. Sahani nzuri huweza kuhifadhiwa na bibi, akamwachia binti, na binti akamwachia mjukuu, ndipo ikavunjika. Kwa hiyo kigae kimoja hakitoshi. Mchimbaji huvitazama vigae vyote vya tabaka moja la udongo, akavilinganisha. Ni kama ninyi mnavyofanya darasani: neno moja likiwatatiza, mnasoma sentensi nzima.

Huko Gedi uchimbaji ulianza mwaka 1948, chini ya James Kirkman. Hakuna kitabu cha zamani kinachotusimulia maisha ya watu wa Gedi. Hatujui majina ya mafundi wake wala ya wapishi wake. Lakini nyumba zao zimepewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani, na moja inaitwa Nyumba ya Bakuli la Kaure. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, walimo Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tangu mwaka 1981.

Na vigae vya udongo wetu navyo vinasema. Kisiwani Pemba wachunguzi wamepata habari kwamba, tangu karibu karne ya 11, mabakuli ya wazi ya kulia yaliongezeka, na punje za mpunga zilizoungua nazo zikaongezeka. Mkilikumbuka lile jambo la umbo la chombo, mtafahamu maana yake. Watu walikuwa wakila wali zaidi, na kukaribishana kwa chakula kulikuwa jambo kubwa katika mji. Huyo aliyefinyanga bakuli hakuandika hata herufi moja, lakini mkono wake umetuachia habari.

SAHANI UKUTANI NA SAHANI SHAMBANI

Si kila sahani iliyoletwa ililiwa chakula. Katika nyumba za mawe za Lamu walijenga zidaka ukutani, safu juu ya safu, na ndani yake wakapanga vyombo vya kaure ili mgeni avione. Sahani nyingine zilitiwa katika makaburi. Huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na Mambrui, karibu na Malindi, yako makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani na mabakuli ya Uchina. Chombo cha kuwakirimu wageni kikawa heshima ya marehemu.

Karne ya 19 ilileta badiliko. Viwanda vya Ulaya vilitengeneza sahani na mabakuli kwa wingi na kwa bei nafuu, hasa katika mji wa Maastricht, Uholanzi. Vigae vyake vimeokotwa katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Hapo zamani bakuli la ng'ambo lilikuwa fahari ya matajiri. Sasa hata mtu wa kawaida aliweza kununua bakuli lenye maua. Baadaye zikaja sahani za bati na vyombo vya plastiki, na ndivyo tulivyofika kwenye mikahawa yetu ya leo.

KITABU KINACHOCHANWA

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo lililo zito. Mkiyatazama kwa makini makaburi ya kale mtaona mashimo ya mviringo katika chokaa, na ndani yake hamna kitu. Mahali hapo palikuwa na sahani. Nyingine zilivunjika zenyewe, lakini nyingine zilibanduliwa na watu kwa patasi.

Aliyebandua sahani alipata kitu cha kuuza mara moja tu. Sisi sote tumepoteza ukurasa ambao hauandikwi tena. Kigae kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa kilipotoka, kinabaki kitu kizuri kisichosema neno, kama ukurasa uliochanwa kitabuni. Hatujui tena kilikuwa chini ya sakafu gani, wala pamoja na vitu gani.

Kwa sababu hiyo sheria inakataza. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Lakini askari hawezi kulinda kila shamba. Mlinzi wa kweli ni mwenye jembe. Ukilima, au ukichimba msingi wa nyumba au shimo la choo, ukakuta vigae vingi au chombo kizima, usivitoe. Simama kwanza, utie alama mahali pale, kisha upeleke habari kwa viongozi wa kijiji au kwa watu wa makumbusho.

Ninyi mnaojifunza kusoma ukubwani mnajua kuliko wengine thamani ya ukurasa mmoja. Mnajua pia kwamba mtu asiyejua herufi si mtu asiye na habari. Mfinyanzi wa Pemba, mpishi wa Gedi na baharia wa Kilwa hawakutuachia barua. Walituachia vyombo walivyolia. Tusivitupe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini supu hutiwa katika bakuli, na pilau ya watu wengi katika sinia?
2. Kigae kilicho chini ya sakafu kinatufundisha nini juu ya umri wa nyumba? Kwa nini kigae kimoja hakitoshi?
3. Tajeni vyombo vya zamani ambavyo bibi zenu walivitumia. Je, viko wapi sasa? Andikeni jina la kila chombo na kazi yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.