Ndege ya Uani: Historia Fupi na Somo Lake

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Bila ya shaka wengi wenu mnamkumbuka mwenzetu wa Kikwajuni aliyejiundia mbawa za mianzi na turubali, akajitupa nazo kutoka juu ya ukuta. Alivunjika mkono. Tulimcheka muhula mzima, na mbawa zake zikatiwa moto. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza alizipimaje. Swali hilo ndilo lililonivuta kuisoma historia ya watu walioziunda ndege majumbani mwao.

Mashuhuri miongoni mwao ni Mfaransa Henri Mignet. Mwaka 1933 aliirusha ndege ndogo ya mbao na kitambaa aliyoiunda mwenyewe, na mwaka 1934 akatoa kitabu cha kueleza namna ya kuiunda. Ndege hiyo ilijulikana kwa jina la Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani. Watu wengi wa kawaida, Ufaransa na Uingereza, wakaanza kupiga randa.

Kisha zikaja ajali. Katika miaka ya 1935 na 1936 ndege kadhaa ziliinamisha pua zisiinuke tena, na marubani wakafa. Wataalamu hawakutosheka na kuwalaumu marehemu. Waliiweka ndege yenyewe katika jumba lenye feni kubwa ya kuvumisha upepo, huko Farnborough na Chalais-Meudon, wakaipima. Kosa likaonekana: bawa la mbele na la nyuma yalikaribiana mno. Pua ikishainama kupita kiasi, upepo uliopita baina yao ulilizidishia nguvu bawa la nyuma, na rubani hakuweza tena kuinua pua. Ndege zile zikapigwa marufuku, na michoro ikarekebishwa.

Sisi watoto wa Kikwajuni tungelifahamu upesi. Tiara isiyo na mizani hupiga kichwa chini, hata karatasi yake iwe nzuri vipi.

Siku hizi viwanda huuza seti ya vipande vilivyokwisha kupimwa na kujaribiwa, mnunuzi akaviunganisha nyumbani. Marekani, kwa mfano, hutaka sehemu kubwa ya kazi aifanye mwenyewe, na ndege ikaguliwe kabla ya kuruka. Kwetu usafiri wa anga ni jambo la Muungano, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2010, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, aliunda ndege nyumbani kwa maarifa aliyoyaokota kwenye intaneti, akaifunga injini ya Toyota. Haikupaa kama alivyotarajia. Lakini yeye angalau alitafuta maarifa kabla ya kushika nyundo.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na najua ilivyo wepesi kuandika ndani ya faili neno "hairuhusiwi". Marufuku ile ya ndege za Mignet iliokoa maisha kwa kuwa ilitokana na kipimo, na kipimo hicho hicho kikaonyesha njia ya kurekebisha. Sisi tulichoma mbawa bila ya kujua kosa lake.

Kwa hiyo napendekeza, tutakapokutana, sehemu ya mchango wetu inunue meza ya ufundi, mizani na feni kubwa kwa ajili ya chumba cha fizikia cha skuli yetu. Mtoto wa leo mwenye mbawa za mianzi apelekwe pale kwanza, kabla hajapanda ukuta.