Kufunga barabara: kuomba ruhusa ao kujulisha?

Kwa kufunga avenii juu ya arusi, matanga ao feti ya kartie, wakaaji wengi wa miji ya Kongo wanajua njia moja: kupeleka barua kwenye komini na kungojea jibu. Katika inchi hii, neno ruhusa liko na historia nzito.

Siku ya mungu, tarehe 4 Januari 1959, chama cha ABAKO kilitaka kufanya mkutano kwenye YMCA, komini ya Kalamu, mjini Léopoldville. Ruhusa ya wakubwa wa mji haikupatikana. Joseph Kasa-Vubu aliomba watu warudi nyumbani, lakini wakakataa. Waliotoka kutazama mpira wakajiunga nao. Wanajeshi wa Force Publique walipiga risasi, makumi ya watu wakafa. Tarehe 13 Januari, Ubelgiji ilitangaza kwamba Kongo itapata uhuru. Leo, kila tarehe 4 Januari inchi inakumbuka mashahidi hao.

Kiisha uhuru, desturi ya kuomba ilibaki. Ni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ndiyo ilibadilisha neno. Kifungu cha 26 kinasema: wenye kupanga maandamano barabarani wanapashwa kujulisha viongozi kwa maandishi. Kujulisha si kuomba.

Feti si maandamano, na barabara ni ya wote: wagonjwa, wachuuzi, wenye pikipiki. Kwa hiyo barua ingali na maana. Mwenye kuipeleka achunge kopi yenye muhuri wa mapokezi.