Promu: kwa nini zamani tulisema "siendi"

Neno promu lilitoka Marekani karne ya 19, kwa kufupisha "promenade", yaani matembezi. Kampala hapa, wakubwa wetu walikuwa na dansi za shule: shule mbili zinakutana, wanacheza muziki, jioni kila mtu anarudi kwao. Baadaye ikaja promu ya S.4 na S.6, na suti, gauni na gari la kukodi. Wengi wetu wa Nsambya na Katwe tulisema, "Mimi siendi." Kumbe ni pesa tu. Machi 2020 shule zikafungwa kwa Corona, zikafunguliwa zote Januari 2022. Kuna wenzetu hawakurudi darasani. Sasa tunaazimana nguo, tunaenda. Sisi wakimbizi tunajua kuondoka bila kuagana.