Pingamizi: Istilahi ya Kadi Inayozuia Kadi

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huwataka wanaotaka kuoana watoe notisi siku 21 kabla. Katika siku hizo, mwenye sababu ya kuizuia ndoa huweka pingamizi. Ndoa ikishafungwa, aliyebaki na kinyongo hana tena pa kuliweka pingamizi lake. Kama anao msingi, aende mahakamani kuomba ndoa ibatilishwe, na hilo ni shauri jingine lenye masharti yake.

Nimeanza na ndoa kwa sababu wachezaji wa kadi za kukusanya na kubadilishana, yaani michezo kama Magic: The Gathering na Yu-Gi-Oh!, hugombana mezani juu ya jambo hilo hilo: kadi hii imekuja kabla mambo hayajatimia, au imechelewa? Kiini cha ugomvi ni aina moja ya kadi, ile ambayo Waingereza huiita counter. Haipigi wala haijengi. Kazi yake ni kuizuia kadi ya mwenzako. Kadi za Magic hazijawahi kuchapishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kila meza hujitafutia neno lake, na maneno yenyewe hayalingani.

Wapo wanaosema kupangua, neno la golikipa. Ni tamu, lakini golikipa hupangua mpira ambao tayari umepigwa na uko hewani, na hata akiupangua waweza kumrudia mpigaji. Wapo wanaosema kutengua. Hili tunalisikia kila uteuzi wa kiongozi unapotenguliwa: mtu alishateuliwa, pengine alishaapishwa, kisha uteuzi ukaondolewa. Kutengua ni kufumua kilichokwisha kufumwa. Wapo pia wanaosema kinga, lakini kinga ni ya mwili au mali, humlinda mwenye nayo, wala haisemi lolote juu ya kadi iliyotupwa. Mimi nasimama na pingamizi, na sababu yangu imo ndani ya kanuni za michezo yenyewe.

Tuanze na Magic, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Toleo lake la kwanza kabisa lilikuwa na kadi iitwayo Counterspell, yenye gharama ya mana mbili za buluu (mana ni nguvu inayolipia kadi), na kazi yake ni hiyo moja tu ya kupinga uchawi uliotupwa. Katika mchezo huu, kadi uliyoitupa haifanyi kazi pale pale. Kwanza inatangazwa na kuwekwa mahali panapoitwa rundo, inachaguliwa shabaha, kisha inalipiwa. Hapo inangoja. Wachezaji hupewa zamu ya kujibu, mmoja baada ya mwingine. Wote wakinyamaza mfululizo, kilicho juu ya rundo hutimia. Yeyote akijibu, jibu lake linapanda juu ya rundo, na zamu ya kujibu inaanza upya. Kilichowekwa mwisho hutimia kwanza.

Chukua kadi tatu za mwaka ule ule wa 1993. Mezani una Grizzly Bears, kiumbe dubu mwenye nguvu 2 na uhimilivu 2. Mpinzani anamtupia Lightning Bolt, radi ya madhara 3. Ukijibu kwa Giant Growth, inayomwongezea kiumbe 3 kwa 3 hadi mwisho wa zamu, ukuaji huo uko juu ya rundo na hutimia kwanza. Dubu anakuwa 5 kwa 5, radi inampiga, naye anabaki hai. Geuza mpangilio. Wewe ndiye umeanza kutupa Giant Growth, na mpinzani akajibu kwa radi. Sasa radi iko juu. Dubu anakufa akiwa bado 2 kwa 2, na Giant Growth ikifika zamu yake inakuta shabaha haipo, basi inakwenda kaburini, yaani penye kadi zilizokwisha kutumika, bila kufanya kitu. Kadi ni zile zile na mana ni ile ile, lakini aliyesema mwisho ndiye aliyefaidika. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hukaa na kadi mkononi wakimsubiri mwenzao ajifunge kwanza.

Pingamizi huingia katika kipindi hicho cha kungoja. Counterspell hailengi dubu wala radi iliyokwisha kupiga. Inalenga radi ikiwa bado kwenye rundo, imetangazwa na haijatimia. Ikifanikiwa, radi huondolewa kwenye rundo na kutupwa kaburini, na mana iliyolipwa hairudi. Mchezaji akisema, "Sawa, endelea," kisha akaona madhara na kuitoa Counterspell yake mkononi, hana la kupinga. Rundo ni tupu. Ugomvi mwingi wa wachezaji wapya unatoka hapa: mmoja anatupa kadi na kuanza kupunguza pointi za uhai wa mwenzake kabla mwenzake hajapata zamu ya kujibu. Anayefanya hivyo amempora mwenzake zile siku 21.

Pingamizi nalo laweza kupingwa. A anatupa radi, B anaweka Counterspell, A anajibu kwa Counterspell yake akilenga ile ya B. Ya mwisho inatimia kwanza, pingamizi la B linaanguka, radi inapiga. Haikuwa rahisi namna hii tangu mwanzo. Hadi mwaka 1999 Magic ilikuwa na aina maalumu ya kadi za kukatiza, na Counterspell ilikuwa mojawapo. Zilikuwa na kanuni zao za haraka, tofauti na kadi za papo hapo, zile zinazoweza kutupwa wakati wowote wa kujibu, na kueleza nani anamkatiza nani kulihitaji subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. Mageuzi ya kanuni yaliyokuja na Toleo la Sita mwaka huo yaliifuta aina hiyo, yakazigeuza kadi zake kuwa za papo hapo, na yakaleta rundo. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mabadiliko bora zaidi ambayo mchezo huo umewahi kufanyiwa.

Hata hivyo wabunifu wa kadi hawakuacha kuchezea mipaka. Force of Will ya mwaka 1996 humruhusu mchezaji asiye na mana hata moja kuweka pingamizi, mradi alipe pointi 1 ya uhai na aiondoe mchezoni kadi nyingine ya buluu iliyo mkononi. Mwaka 2006 ilikuja sifa inayoziba zamu ya kujibu: kadi yenye sifa hiyo ikiwa kwenye rundo, hakuna anayeruhusiwa kutupa uchawi mwingine. Na mwaka 2010 akaja Kozilek, Butcher of Truth, jitu la mana 10 ambalo mwenye nalo huokota kadi nne pale anapolitupa. Soma vizuri: anapolitupa, wala si linapotimia. Mpinge Kozilek upendavyo, mpinzani wako ataokota kadi zake nne, kwa kuwa kutupwa kulishatokea. Pingamizi lilimzuia jitu kufika mezani. Tangazo lake halikufutika.

Yu-Gi-Oh! ilitokana na katuni ya Kazuki Takahashi iliyoanza mwaka 1996, na mchezo wake wa kadi wa kampuni ya Konami ulianza Japani mwaka 1999. Badala ya rundo una mnyororo. Kila kadi inayoamshwa kwa kujibu nyingine ni pete mpya, na pete hutimia kinyumenyume, kuanzia ya mwisho. Hadi hapo ni ndugu wa rundo. Kinachoutofautisha ni kasi. Kadi za kasi ya kwanza haziwezi kujibu kitu. Za kasi ya pili hujibu za kwanza na za pili. Za kasi ya tatu hujibu zote, na hazijibiwi ila na za kasi ya tatu. Kasi hiyo ya juu ni ya mitego ya pingamizi, kadi kama Solemn Judgment, inayomgharimu mchezaji nusu ya uhai wake, au Seven Tools of the Bandit, inayogharimu pointi 1000 kupinga mtego. Katika Magic pingamizi ni kadi ya papo hapo kama nyingine. Huku limepewa cheo.

Huku pia ndiko neno moja lisikotosha. Solemn Judgment hupinga kuamshwa kwa kadi: tendo lenyewe linahesabika kama halikufanyika. Ash Blossom & Joyous Spring hubatilisha athari tu; kadi imeamshwa kihalali, ila inapotimia haitoi kitu. Mchezaji asiyejali atauliza tofauti iko wapi, maana zote mbili zimemnyima alichotaka. Iko hapa: kadi nyingi zimeandikwa kwamba yaweza kuamshwa moja tu ya jina hilo kwa zamu. Kuamshwa kukipingwa, unaweza kuamsha nyingine yenye jina lile lile zamu hiyo hiyo. Athari ikibatilishwa, nafasi yako imekwisha. Ninapendekeza basi kupinga kwa tendo la kuamsha, na kubatilisha kwa athari.

Kisha kuna kuharibu, ambako si pingamizi kabisa. Mystical Space Typhoon huharibu kadi moja ya uchawi au mtego iliyo uwanjani. Mpinzani akiamsha mtego wa kawaida, nawe ukajibu kwa tufani hiyo, mtego unaharibiwa, lakini athari yake inatimia kama kawaida, kwa kuwa ulishaamshwa. Wachezaji wamelikosea hili kwa miaka mingi hadi kosa lenyewe limekuwa utani wao duniani kote. Kadi ambayo lazima ibaki uwanjani ili ifanye kazi ni habari nyingine: hiyo ikiharibiwa, athari yake inakufa nayo.

Wakati huwaadhibu hata wasiopinga. Peten the Dark Clown ni kiumbe ambaye, anapopelekwa kaburini, mwenye naye aweza kumwita Peten mwingine. Akitolewa sadaka ili kiumbe mkubwa aitwe, Peten anafika kaburini kwanza, halafu mkubwa anaitwa. Jambo la mwisho kutokea ni kuitwa kwa mkubwa, hivyo fursa ya Peten imepita. Kadi zilizoandikwa kwa sharti la «kama» badala ya «wakati» hazipotezi fursa namna hiyo. Mfasiri atakayetumia -po- kila mahali bila kujali, atakuwa ameibadilisha kanuni.

Si kila mchezo una haya. Katika mchezo wa kadi za Pokémon, zamu ni ya mwenye zamu, na mpinzani hatupi kadi kutoka mkononi kumjibu. Lakini vijana wa Kenya wanaocheza poka ya mtaani wanalo pingamizi lao: aliyetupiwa mbili aokote kadi, kwenye meza nyingi hujiokoa kwa ree, mradi hajaanza kuokota.

Kwa hiyo, wewe unayeandika kanuni za mashindano ya mtaani kwako au unayewafundisha wadogo zako kwa Kiswahili, andika limepingwa, imebatilishwa na imeharibiwa kila moja mahali pake. Na kabla ya kutimiza chochote, muulize mwenzako kwa sauti: "Una pingamizi?"