UZI: Kila mtu anajua aliuawa. Mbona hakuna aliyefungwa?

Kila Februari mjadala ule ule unarudi hapa Kisumu. Utausikia kwa boda, utausikia kwa kibanda cha samaki. Kuna waziri wa mambo ya nje aliyepatikana amekufa 1990. Sote tunajua ni nani, lakini kwa uzi huu hatutaji wanasiasa, kwa hivyo nitamwita Waziri. Tume iliundwa, wapelelezi wakatoka Uingereza, kamati ya bunge ikakaa, na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Watu wanasema: si hiyo ni kufichwa tu?

Inawezekana kabisa. Lakini kwenye hii mijadala tunachanganya mambo mawili: kujua mtu ameuawa, na kuthibitisha mauaji kortini. Twende polepole.

Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kinadai upande wa mashtaka uonyeshe kwamba mtu amekufa na kilichomuua ni nini, kwamba kilitokana na kitendo haramu cha huyu mshtakiwa, na kwamba alikuwa na nia ovu. Yote haya pasi na shaka ya msingi. Nia ikikosekana, mshtakiwa bado anaweza kufungwa kwa kuua bila kukusudia. Chanzo cha kifo kikikosekana, kesi inayumba yote, manake huwezi kusema mkono wa nani uliua kama hujui kilichoua.

Sasa rudi kwa Waziri. Alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia 13 Februari. Mwili ulipatikana chini ya kilima cha Got Alila, karibu kilomita 3 hivi kutoka kwake, umeungua, una jeraha la risasi kichwani, mguu umevunjika. Taarifa za mwanzo za polisi zilidokeza kwamba alijiua. Ati mtu ajipige risasi, ajichome, na mguu uvunjike hapo katikati. Wananchi walikataa, na John Troon wa Scotland Yard alipokuja naye akakataa: haya ni mauaji.

Angalia lakini kile swali la "alijiua au aliuawa" lilifanya. Wakati mabishano yapo kwa chanzo cha kifo, hakuna anayekimbizana na muuaji. Nyayo zinafutika, mashahidi wanaogopa. Tume ya Jaji Evans Gicheru ilivunjwa na rais Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru akashtakiwa. Kesi ya kwanza ikakatika jaji alipofariki, ya pili ikaisha 1994 kwa kuachiliwa huru. Kufikia hapo karibu hakuna aliyebisha kwamba Waziri aliuawa. Kilichokosekana ni ushahidi wa kuunganisha kifo kile na mtu yule aliyesimama kizimbani.

Na huyo alikuwa waziri. Risasi ilionekana. Je, mtu wa kawaida akitolewa ziwani?

Baba yangu mdogo alikuwa anavua omena. Usiku mmoja wa giza, ule wavuvi wanapenda kwa sababu taa zinavuta samaki vizuri, alitoka na hakurudi. Alielea siku ya nne. Alikuwa na jeraha kichwani, na wiki hiyo alikuwa amegombana na mtu juu ya nyavu. Nyumbani tulishahukumu. Ripoti ya upasuaji wa maiti ikasema chanzo cha kifo hakikuweza kubainika.

Niliona hiyo ripoti kama matusi. Nilidhani daktari amekula kitu. Baadaye nikasoma, nikajua kufa maji ni kati ya vifo vigumu zaidi kuthibitisha, hasa mwili ukishaanza kuharibika. Mara nyingi daktari anafikia uamuzi huo kwa kuondoa sababu zingine kwanza. Jeraha la kichwa linaweza kuwa la rungu, linaweza kuwa la mawe au ukingo wa mtumbwi, tena baada ya kufa. Moto una nafuu kidogo: masizi yakipatikana kooni, mtu alikuwa anapumua ulipowaka. Maji yanaosha. Ndiyo maana nilikosa usingizi Januari 2022, tulipoambiwa miili zaidi ya 20 imetolewa Mto Yala, mingine kwenye magunia. Gunia linasema kuna mkono wa mtu. Halisemi wa nani.

Sasa usiende kusema bila daktari hakuna kesi. Si kweli. Katika kesi ya Ndungu, 1985, Mahakama ya Rufani ilisema kuna vifo ambavyo chanzo chake kiko wazi, kama mtu kuchomwa kisu moyoni, na kukosa ripoti ya upasuaji hakuui kesi lazima, ingawa maoni ya daktari bado yanafaa kuletwa. Hata ushahidi wa mazingira unatosha, lakini tangu kesi ya Kipkering arap Koske, 1949, kipimo ni kikali: mambo yote yaelekeze kwa hatia, na yasiwe na maelezo mengine yanayoingia akilini. Kwa baba mdogo, maelezo mengine yapo. Ziwa lenyewe ni maelezo mengine.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi "haki" jukwaani, muulize kuhusu Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo. Ilipitishwa 2017 ili vifo vya mashaka vichunguzwe na watu wasio polisi, halafu ikakaa miaka kwenye karatasi. Sijawahi kusikia mtu akipigiwa makofi kwa kuitaja.

Makosa ya mauaji hayaishi muda. Korti inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, na mfupa wa kichwa uliopasuka bado unaweza kusomwa hata nyama ikiisha. Nilimweleza dani hivyo Desemba. Wazee wa boma hawataki kaburi liguswe. Dani anataka. Amenituma nimuulizie wakili bei.