Umeme wa goti: kabla hujatoa pesa

TENS ni kijisanduku cha betri chenye nyaya na vibandiko vinavyowekwa kandokando ya goti, kikapitisha umeme mdogo kwenye ngozi. Mgonjwa husikia mchonyoto, si kupigwa shoti. Wazo lenyewe ni kongwe: karne ya kwanza tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, aliandika kwamba mwenye jongo akanyage taa hai, yule samaki mwenye umeme, ufukweni hadi mguu ufe ganzi. Maelezo ya kisasa yalikuja 1965 kwa Ronald Melzack na Patrick Wall: hisia za mguso zikijaa kwenye uti wa mgongo, za maumivu hubanwa mlangoni. Ndiyo maana mtu akijigonga hujisugua.

Je, chasaidia goti lililosagika? Hapa mzee wa Likoni anayehesabu kila hatua ya mteremko wa feri ashike mfuko wake kwanza. Mapitio ya Cochrane ya 2009 yalikusanya majaribio 18, mengi madogo na dhaifu, yasithibitishe nafuu. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa baridi yabisi Marekani kilishauri kwa mkazo isitumike kwa goti. Na gegedu lililolika halirudi kwa umeme.

Kinachopendekezwa ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito. Yachosha, lakini hayauzwi dukani. Anayeswali juu ya kiti aendelee, dini haikumkalifisha. Mwenye kifaa cha mapigo ya moyo kifuani asiguse TENS bila idhini ya daktari wake. Aliyekwisha kununua akaona nafuu, sina ugomvi naye, mradi asiache mazoezi.